Fahamu: Bei ya mashine za gemu huamua nini?

Mashine ya gemu, kama PlayStation au Xbox, ni kompyuta ya kuchezea michezo kwenye televisheni.

Bei na mauzo

Mwaka 2013, PlayStation 4 ilitoka kwa dola 399, Xbox One kwa dola 499. PlayStation 4 ikauzwa zaidi ya mashine milioni 117 na kumwacha mpinzani mbali. Lakini urahisi wa bei pekee hautoshi: Dreamcast ya kampuni ya Sega ilianza Marekani kwa dola 199 mwaka 1999, ikasitishwa 2001. Mpinzani wake PlayStation 2, ingawa ya dola 299, ilicheza pia DVD.

Faida

Kampuni huweza kuuza mashine kwa hasara, zikaifidia kwenye michezo.