Alama za Toni na Herufi Zinazoharibika katika Kurasa za Intaneti

Mtafiti akusanyaye maneno ya Kihunde huko Lushebere, Masisi, huweka alama juu ya irabu ili kuonyesha toni. Akisha kuyatoa katika ukurasa wa intaneti, huenda msomaji akakuta «Ã©» mahali pa «é». Kosa hili latoka wapi?

Kompyuta haihifadhi herufi, bali namba. Katika utaratibu wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987, «é» ni namba moja: 233. Katika UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni namba mbili: 195 na 169. Zikisomwa kwa utaratibu wa zamani, namba hizo huwa herufi mbili, «Ã» na «©».

Basi tiba si kusahihisha herufi moja moja. Faili ihifadhiwe kwa UTF-8, mwanzo wa ukurasa utangaze hivyo kwa <meta charset="utf-8">, na seva isitangaze vingine. Lakini ikiwa faili imekwisha kuhifadhiwa huku «?» imeshika nafasi ya herufi, namba asilia zimepotea, yabidi kurudia daftari. Toni huweza kutenganisha maana: alama ikipotea, maneno mawili huwa moja.