Jiwe Katika Mto Eufrate

Zamani Babiloni ulikuwa mji wenye nguvu sana. Mfalme wake, Nabukodonosor, alishinda inchi nyingi. Mwaka 597 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu, alishika Yerusalemu, akapeleka Wayahudi wengi utumwani. Mwaka 587 askari wake walibomoa kuta za Yerusalemu, wakachoma hekalu la Mungu, wakapeleka watu wengine tena.

Kati ya miaka ile miwili, nabii Yeremia aliandika katika kitabu mabaya yote yatakayoupata Babiloni. Akampa Seraya, aliyekuwa akienda kule, akamwagiza hivi: asome maneno yote kwa sauti, kisha akifunge kitabu pamoja na jiwe, akitupe katikati ya mto Eufrate. Sababu gani? Ulikuwa mfano. Jiwe likizama haliinuki tena. Hivi Babiloni utazama kwa sababu ya ubaya wake.

Lakini watumwa wafanye nini wakingoja? Manabii wa uongo walisema: utumwa utakwisha upesi. Yeremia hakuwadanganya watu. Aliwaandikia barua, akawaambia wajenge nyumba, walime mashamba, waoe na kuzaa watoto, tena wauombee mji ule wanamokaa. Miaka 70 ikitimia, Mungu atawarudisha kwao. Basi walijua kwamba wengi wao watakufa ugenini, lakini watoto wao wataona Yerusalemu.

Ikawa vile. Mwaka 539 Koreshi, mfalme wa Persia, aliuteka Babiloni. Mwaka uliofuata aliwapa Wayahudi ruhusa ya kurudi na kujenga hekalu. Akawarudishia na vyombo vya dhahabu na vya feza, vilivyoibwa na Nabukodonosor.

Siku walipoweka msingi wa hekalu, vijana walipiga kelele za furaha. Wazee waliokumbuka hekalu la kwanza walilia sana. Kwa mbali watu hawakuweza kutenga sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hekalu lilimalizika mwaka 515.

Na Babiloni? Leo ni magofu tu, katika inchi ya Iraki.

Watoto, mwenye kuonea wengine asijisifu: nguvu zake zina mwisho. Naye anayeonewa asikate tamaa. Angoje, lakini angoje akifanya kazi.

Maulizo
1. Jiwe lilikuwa mfano wa nini?
2. Yeremia aliwaagiza watumwa wafanye nini?
3. Kwa nini wazee walilia?