Rangi na Urembo (3): Mkorogo mbele ya sheria

Mkorogo si kipodozi kimoja. Ni krimu mbili tatu, sabuni, na mara nyingine dawa ya hospitali ya kutibu ukurutu yenye steroidi, vyote vikichanganywa nyumbani au saluni hadi vitoe rangi anayoitaka mteja. Jinsi zebaki na hidrokwinoni zinavyoizuia ngozi kutengeneza melanini imekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia. Linalobaki ni sheria, hasa kwa kuwa mwaka 2025 ndio uliowekwa na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki.

Historia yenyewe inaanzia kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi nchini Marekani, wengi wao weusi, waliona mikono yao ikipoteza rangi, na mabaka yakikoma pale glavu zao za mpira zilipokomea. Madaktari walibaini kuwa chanzo kilikuwa ndani ya mpira: monobenzoni, kemikali iliyotiwa ili mpira usichakae upesi. Ripoti yao ya 1939 iliyahesabu mabaka hayo kuwa ugonjwa wa kazini. Baadaye hidrokwinoni, kemikali ya ukoo huohuo, ikaingia kwenye vikopo vya krimu. Kilichokuwa ugonjwa mikononi mwa mfanyakazi kikauzwa kuwa urembo usoni mwa dada yake.

Wakati huo krimu nyingi zilitegemea zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu protini ilikuwa ikipotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi walipata nafuu walipoziacha. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo. Hakuna mamlaka ya Afrika Mashariki inayoweza kudai kwamba haikuambiwa.

Tanzania ilikuwa imekwisha kuchukua hatua, ila kwa sababu nyingine kabisa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1, 1969. Vilivyopigwa marufuku ni pamoja na sketi fupi, nguo za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa, si afya. Krimu ikatiwa fungu moja na sketi, kana kwamba ubaya wa zebaki ni kuiga Uzungu. Aliyeandamwa akawa mvaaji na mpakaji: huko Kariakoo, hata kabla ya tarehe iliyopangwa, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi. Wapo waliouliza kwa nini utamaduni upimwe kwenye mwili wa mwanamke, ilhali mwanamume anatembea na suti ya Kizungu bila kuulizwa. Swali hilo lilistahili jibu kuliko lilivyopewa.

Husikika pia kwamba kujichubua ni mila ya pwani, kwani mwali hufungiwa ndani na kusuguliwa singo kabla ya harusi. Wanaosema hivyo wanachanganya mambo. Singo hulainisha ngozi na kuinukisha, wala haigusi figo za mtu.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Chini ya ubaguzi wa rangi, wajihi wa mtu uliweza kuamua akae wapi, asome wapi na afanye kazi gani, kwa hiyo muuza krimu alikuwa akiuza zaidi ya urembo. Mwaka 1975 daktari wa ngozi G. H. Findlay na wenzake walieleza okronosisi iliyowapata wanawake waliotumia hidrokwinoni kwa muda mrefu: mabaka meusi yenye ubuluu mashavuni, magumu kutibika. Mpakaji huyaona, akadhani krimu haijatosha, akaongeza. Madaktari, watetezi wa walaji na wafuasi wa vuguvugu la Steve Biko la kujitambua kwa weusi wakapaza sauti. Zebaki ikaondolewa kwanza, hidrokwinoni ikapunguzwa hadi asilimia 2, na mwaka 1990 ikapigwa marufuku. Kanuni za mwaka huo zilikataza pia kipodozi kutangazwa kuwa kinang'arisha au kufanya ngozi iwe nyeupe. Katazo hilo la pili lina uzito kuliko linavyosifiwa. Kemikali hubadilishwa, ila tangazo ndilo linalomfundisha msichana wa miaka kumi kwamba uso wake una kasoro.

Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Wakati huohuo biashara imehamia mitandaoni na kwenye dripu za glutathayoni za kung'arisha ngozi. Kimataifa, Mkataba wa Minamata wa 2013 uliacha mwanya wa zebaki isiyozidi miligramu moja kwa kilo. Mkutano wa Geneva wa 2023 uliuziba. Zinachotakiwa nchi wanachama ni kutoruhusu bidhaa hizo kutengenezwa, kuingizwa wala kupelekwa nje, mpakaji hatajwi. Hidrokwinoni na steroidi hazimo katika mkataba huo, na zimeachwa kwa sheria za kila nchi na maabara zake.