Kitendawili Kilichokwisha Kuteguliwa

Mkono wa roboti ya upasuaji hushika kifaa kimoja tu: mkasi, koleo, au cha kushikia sindano ya kushonea. Daktari akitaka kingine, msaidizi aliyesimama kando ya kitanda hukichomoa cha kwanza na kupachika cha pili, huku mgonjwa akiwa bado kwenye nusukaputi.

Intuitive Surgical, kampuni ya California inayotengeneza roboti ya da Vinci, ilipewa hataza ya Marekani namba 8,142,447 kwa njia ya kuharakisha ubadilishaji huo. Mshindani wake, Auris Health, akaipinga: fundi wa kawaida wa fani hiyo angefika hapo bila kuumiza kichwa, na kilicho dhahiri hivyo hakistahili hataza.

Auris ilileta hati mbili za zamani. Moja ilieleza roboti inayofuata mwendo wa daktari aliyevaa kidhibiti mithili ya gamba, na kifaa chake hakina roda. Nyingine ilihusu stendi ya kushikilia vifaa vya upasuaji. Ziunganishe, ikasema, na wasaidizi watapungua.

Lakini kuonyesha kwamba vipande vilikuwepo hakutoshi. Tangu kesi ya Graham ya mwaka 1966, iliyohusu plau, majaji hutazama kilichojulikana, tofauti iliyoongezwa, na ujuzi wa fundi wa wakati ule. Kesi ya KSR ya 2007, ya pedeli ya gari, iliruhusu akili ya kawaida itumike, mradi sababu ya kuunganisha ionekane. Tahadhari hiyo ina maana: kitendawili kikishateguliwa, kila mtu hudai alikuwa na jibu mdomoni.

Bodi ya Ofisi ya Hataza ilikubali kwamba vipande vyote vimo kwenye hati hizo, ila ikaona hakuna ambaye angehangaika kuviunganisha, kwa kuwa madaktari wa wakati ule walikuwa na shaka na upasuaji wa roboti. (Si wote: Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux, akiongoza roboti kutoka New York, alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg.)

Aprili 2022 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, majaji wawili kwa mmoja. Shaka ya jumla juu ya roboti, ilisema, haitoshi peke yake; linaloulizwa ni kama fundi alikuwa na sababu ya kuunganisha hati hizi mbili. Kwa haki, maana shaka ya daktari haimfungi mikono injinia. Kesi ikarudishwa kwa bodi. Jaji Reyna, aliyebaki peke yake, alihofia hukumu hiyo ingesomwa kama marufuku ya kuisikiliza shaka kabisa.