Vipimo viko sawa, mbona bado naogopa matatu?

Kabla sijapanda matatu, kuna hesabu napiga kichwani. Kutoka mtaani hadi tao ni dakika arobaini, lakini jam ikikaza ni saa moja na nusu. Katikati hapo, choo kiko wapi? Mfukoni lazima niwe na sarafu za kumi kumi, maana choo cha tao hakikubali hadithi.

Nina kolaitisi, ugonjwa ambapo kinga ya mwili inashambulia utumbo mkubwa hadi unafanya vidonda. Hauambukizwi na hauletwi na pilipili. Dawa huutuliza, kisha siku moja unaamka tena bila hodi.

Mtaani, kila tumbo linalouma ni "ulsa, kunywa maziwa". Mimi nilitibiwa taifodi mara mbili kabla ya kupimwa kwa kamera. Wakati huo nilikuwa chuoni, mwaka wa pili. Kwenye mtihani mmoja niliomba ruhusa ya kwenda choo mara tatu. Mara ya tatu msimamizi akanipekua mbele ya darasa, akitafuta mwakenya. Nilikusanya kalamu zangu nikatoka. Sikurudi tena.

Mwaka jana daktari aliangalia majibu ya damu na choo, akatabasamu. "Uko sawa, kijana." Nilishindwa nicheke au nilie. Sawa, na sijahudhuria sherehe hata moja miezi minane?

Nesi mmoja ndiye aliyenipa fomu ya kujaza nikingoja dawa.

Hojaji hiyo ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, akiwemo Gordon Guyatt, na kuchapishwa mwaka wa 1989. Ina maswali 32 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali unajipa alama 1 hadi 7, kwa hivyo jumla huwa kati ya 32 na 224. Ukipanda, maisha yako ni afadhali. Haiulizi tu umeenda choo mara ngapi. Inauliza kama umechoka, umekosa kazi au masomo, umekata tamaa, umekwepa mahali kwa sababu hapana choo karibu. Hilo la mwisho nilisoma mara mbili. Manze, nani alikuwa ananifuata?

Nilipata 124. Lakini kazi iko kwenye mgawanyo. Tumbo lenyewe: 58 kwa 70. Nguvu za mwili: 16 kwa 35. Hisia: 38 kwa 84. Maisha na watu: 12 kwa 35.

Umeona? Utumbo wangu ulikuwa umepona kuniliko. Maabara haikudanganya, ila ilipima utumbo. Hakuna aliyekuwa amenipima mimi.

Daktari alipoiona ile 12, hakuongeza dawa. Aliuliza, "Unaogopa nini hasa?" Tuliongea dakika ishirini, kisha akanituma kwa mshauri nasaha. Hiyo fomu haiponyi mtu. Pia haiwezi kuchukua nafasi ya vipimo, kwa sababu kuna wenye utumbo unaowaka na wanajisikia poa tu. Vyote viwili vinahitajika.

Kama tumbo lako ni la kila siku, kabla ya kliniki andika kwa simu: wiki mbili hizi nimekosa nini, nimekwepa nani, nimelala vipi? Msomee daktari, hata akiwa na haraka. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku, usinunue dawa ya kubahatisha dukani. Nenda ukapimwe.

Juzi nilijaza fomu tena. Maisha na watu: 21. Jumapili nilienda harusi ya binamu yangu, nikakaa hadi keki ikakatwa.

Kwenye matatu nilikaa karibu na mlango. Sarafu bado nabeba.