Jenereta na Nyumba ya Magurudumu

Huko Marekani wako watu wengi wasafirio pamoja na nyumba zao. Nyumba hizo hazikujengwa kwa mawe wala kwa udongo, bali ni magari makubwa yenye vitanda, jiko, meza na taa ndani yake. Mwenye gari hula humo na kulala humo, na kesho yake huiendesha nyumba yake mpaka mahali pengine. Katika jimbo la Arizona, karibu na mji mdogo uitwao Quartzsite, maelfu ya magari hayo hukusanyika jangwani kila majira ya baridi, maana huko jua huwaka vizuri wakati theluji imeifunika nchi ya kaskazini.

Je, nyumba ya namna hiyo hupata wapi umeme wake? Ziko njia tatu. Ya kwanza ni betri zilizomo garini, zenye nguvu ya volti 12. Hizo zatosha kwa taa na vyombo vidogo. Ya pili ni nguzo ya umeme iliyowekwa kambini; gari huungwa nayo kwa waya mnene, likapata umeme wa volti 120. Lakini jangwani nguzo hakuna. Ndipo watu hutumia njia ya tatu, yaani jenereta. Huu ni mtambo mdogo uchukuliwao kwa mkono, wenye injini ya petroli iufanyayo umeme. Msaada wake ni mkubwa, lakini una hatari ambazo jicho halizioni. Na tuzitazame moja moja.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni moshi. Petroli iunguapo katika injini hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, wala harufu, wala ladha. Mtu akiivuta, huishika damu yake kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani ile hewa tunayoihitaji tupate kuishi. Basi damu hukosa nafasi ya kuchukua oksijeni. Kwanza kichwa humwuma, kisha huona kizunguzungu na kichefuchefu, na viungo vyake hulegea. Aliye macho aweza kutoka nje upesi. Lakini aliyelala hasikii kitu, naye aweza kufa pasipo kuamka. Katika Marekani watu wapatao 100 hufa kila mwaka kwa sumu ya jenereta za namna hii.

Tuseme baba mmoja ameweka jenereta yake chini ya dirisha la gari, kwa kuwa waya wake ni mfupi. Asema moyoni, "Mtambo uko nje, basi hakuna neno." Usiku upepo wageuka. Moshi waingia kwa dirisha na kwa nyufa ndogo za sakafu, na watoto wamelala. Tazameni, kosa lake lilikuwa la hatua chache tu! Kwa hiyo yampasa kila mtu kuiweka jenereta mbali na gari, si chini ya meta 6, na bomba la moshi lielekee upande usio na watu, wala lisielekee gari la jirani. Isiwekwe kamwe ndani ya gari, wala chini yake, wala chini ya turubai la mlangoni. Tena ndani ya gari sharti kiwepo chombo kidogo kinachopiga kelele kiitambuapo sumu hiyo. Kikilia, watu wasikae kuulizana sababu; watoke nje wote mara moja, wahesabiane, kisha waite msaada. Na lililo jema zaidi ni kuzima jenereta kabla ya kulala, na kutumia betri usiku.

Hatari ya pili ni kuulemea mtambo kwa kazi nyingi. Kila chombo cha umeme kina kipimo cha nguvu kiitwacho wati. Ukizidisha volti kwa ampea, wapata wati. Waya wa gari wa ampea 30 na volti 120 waweza kuchukua wati 3,600. Lakini jenereta nyingi ndogo hutoa wati 2,000 tu. Basi plagi kuingia katika tundu lake si dalili ya kuwa nguvu zatosha. Kiyoyozi chaweza kutaka wati 1,500, na birika la kahawa wati 1,000. Jumla ni 2,500, nayo yaishinda jenereta. Tena mashine yenye mota hutaka nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza. Mtambo ukilemewa, volti hupungua, na mota huingia joto hata kuharibika. Kwa hiyo jumlisha kwanza, kisha uwashe.

Hatari ya tatu ni waya. Waya mwembamba upitishao umeme mwingi hupata joto, na joto laweza kuleta moto. Tumia waya mnene uliofanywa kwa kazi ya nje. Usiukunje kama kamba, wala usiuguse kwa mikono iliyolowa. Wako na watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Chombo hicho ni cha mauti, maana upande mmoja ukiungwa, meno ya upande wa pili huwa na umeme, nayo yako wazi.

Hatari ya nne ni petroli. Usiitie wakati injini inapokwenda au ingali na joto, kwa kuwa tone moja juu ya chuma cha moto latosha kuwasha mtambo wote. Uzime, ungoje upoe, ndipo utie.

Basi utaratibu ni huu. Washa jenereta peke yake, uiache itulie. Kisha unga waya wa gari, ndipo uwashe vyombo, kimoja baada ya kimoja. Wakati wa kuzima, rudi nyuma kwa njia ile ile: vyombo kwanza, waya baadaye, na injini mwisho.

Labda msomaji atasema, "Mimi sina gari la namna hiyo." Kweli, lakini sumu hiyo hiyo hutoka katika jiko la makaa. Alalaye na jiko liwakalo katika chumba kilichofungwa yumo katika hatari ile ile. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Maswali
1. Kwa nini pua haiwezi kutuonya juu ya kaboni monoksaidi?
2. Baba yule alikosea nini?
3. Jenereta ya wati 2,000 yaweza kuwasha kiyoyozi na birika pamoja? Eleza.
4. Nyumbani kwenu jiko la makaa huwekwa wapi usiku?