Maduka ya Gisenyi na hasara ya umeme unaporudi

Gisenyi, nchini Rwanda, si mji wenye uhaba wa mitambo ya umeme. Kwenye mto Sebeya kuna kituo cha umeme wa maji cha tangu 1957, kile cha Gihira kikafuata miaka ya 1980, na huko Nyamyumba, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Rubavu, Shema Power Lake Kivu inavuta methani kutoka ziwani kuendesha mtambo wa megawati 56. Yote hayo hayamfai kitu mwenye duka wa njia ya kwenda kivuko cha mpaka cha Petite Barrière pale upepo unapoangusha tawi juu ya waya wa mtaa wake. Umeme unaozalishwa jirani huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, na mvua za Machi hadi Mei, pamoja na radi zake, hazichagui nguzo.

Mfanyabiashara akisema anajiandaa kwa umeme kukatika, mara nyingi ana maana ya jenereta. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Pigo kubwa kwa duka dogo huja umeme unaporudi. Hurudi kwa kishindo, ukapanda, ukashuka, ukakatika tena, na kompresa ya friza iliyosimama hulazimishwa kuwaka wakati gesi ndani yake bado imegandamizwa. Hapo mota huungua. Kuna kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya soketi na plagi, ambacho husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Bei yake ni ndogo mno mbele ya kompresa mpya. Asiye nacho achomoe plagi mara tu giza linapoingia, aache swichi ya taa moja imewashwa ili ajue umeme umerudi na umetulia.

Friza yenyewe ni mvumilivu. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, hutunza baridi kwa takribani saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida hupewa saa nne hivi. Nyama na dagaa wa ziwani (sambaza) waliogandishwa wanaweza kusubiri asubuhi. Cha kuhangaikia ni maziwa na ikivuguto (maziwa ya mgando), hasa kwenye friji ya mlango wa kioo ambayo kila mteja huifungua na kuanza kuchagua. Friza isiyojaa ijazwe chupa za maji. Zikishaganda hushikilia baridi, na umeme ukikawia zinahamishiwa kwenye friji ya maziwa. Gisenyi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ina ubaridi wake pia. Muuza maziwa wa Mombasa hana bahati hiyo.

Kisha kuna mauzo. Mashine za EBM za kutolea risiti za kodi ziliingia Rwanda 2013, na siku hizi hata mkate hulipiwa kwa MoMo, pesa za simu. Duka linalotegemea kompyuta ya mezani husimama taa zikizima, tena saa zile za baada ya kumi na mbili jioni, watu wanaporudi nyumbani wakipitia kununua vya usiku. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ina EBM ya kutumia kwenye simu, na simu haili umeme mwingi. Taa tatu za LED, modemu na simu mbili zikichajiwa hazifiki wati 60. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, hata ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600. Hizo zinatosha hadi muda wa kufunga, na chenji inabaki.

Jenereta iachiwe mwenye bucha au friza tatu. Naye akumbuke kwamba maduka ya hapa yamebanana ukuta kwa ukuta. Moshi wa jenereta una gesi inayoua bila harufu, hivyo isiwashwe ndani wala kwenye korido ya nyuma. Majirani wawili kuchangia moja ni hesabu nzuri, mradi waandikishane mapema nani anaweka petroli.

Na lipo giza lisilotoka REG, shirika la umeme: yuniti za Cash Power, umeme wa kulipia kabla, kwisha Jumapili usiku, simu nayo ya kununulia nyingine imezima. Kabla ya kupiga 2727, namba ya REG, kulalamika, angalia mita. Yuniti zinunuliwe siku moja na bidhaa, ziandikwe kwenye daftari lilelile la kodi ya pango.